Maneno ya Daktari Niliyoyabakiza

Kila asubuhi, kabla hata ya kuinjika chai, mama Martina alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananipa mgongo na kusema, "Vumilia, njoo unifunge."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anainua titi moja kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, nami napaka unga wa muhogo chini yake, pale ngozi ilipokuwa imelowa jasho na kuchubuka. Halafu la pili. Halafu nachukua khanga iliyokunjwa mara nne, naipitisha chini ya matiti, naivuta kwa nyuma mpaka aseme "hapo hapo", nafunga fundo pembeni kidogo ya uti wa mgongo ili lisimchome akiinama. Sidiria alikuwa nazo mbili, zote za mtumba, na mikanda yake ilikuwa imemchimba mabega. Hata akizivua, mifereji ilibaki palepale. Kidole changu kilikuwa kinalala ndani yake na kuenea.

Nikimaliza alikuwa anasema, "Haya, sasa mimi ni mtu." Ndipo tunakunywa chai.

Hakuwa mama yangu wa kunizaa. Aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka saba, kwenye chumba cha upasuaji, siku ya kujifungua, yeye na mtoto. Baba yangu, Donatus, alikaa miaka miwili, akamuoa Martina. Alikuja na kijana wake mkubwa, Adam, ambaye sasa ana mke na anafanya kazi kwenye mgodi wa Bulyanhulu, kwa hiyo hapa machimboni wote walimwita Mama Adam. Mimi nilimwita mama. Hakunilazimisha. Siku moja alikuwa ananisuka, neno likanitoka, akaendelea kusuka kama hakusikia. Kesho yake nikaona amenishonea sketi yenye mfuko.

Tunakaa upande wa Nyarugusu, mkoa wa Geita. Baba na wenzake wana duara, ndiyo shimo la kuchimbia dhahabu. Mawe yakitoka yanapelekwa kwenye karasha yanasagwa, ule unga wa mawe unakuja kwa mama. Yeye alikuwa anaosha kwenye mwalo, ubao ulioinama uliotandikwa magunia. Unamwaga unga, unamwaga maji, udongo unakwenda, dhahabu inabaki kwenye magunia. Ni kazi ya kuinama kutwa. Mtu mwenye kifua chepesi anaumwa kiuno. Mama alikuwa anaumwa kuanzia shingo mpaka kwenye vidole. Jioni mkono wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, anaupigapiga kwenye paja kama anafukuza nzi.

Sasa kuna jambo la duara letu ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Dhahabu ikishakamatwa kwa zebaki na kuchomwa, kile kipande kilikuwa hakiuzwi siku hiyo hiyo. Kinafungwa kwenye pindo la kitambaa, mama anakiweka kifuani, kinalala huko mpaka mnunuzi aje. Ilianza kama usalama tu, kwamba mwizi hatathubutu kutia mkono pale. Lakini mwaka ule walipoanza, duara lilitoa vizuri, na maduara ya jirani yakakauka. Basi wachimbaji wakasema ni kwa sababu dhahabu yetu inalala pazuri. Marwa, kiongozi wao, alikuwa anasema mbele ya watu, "Nyota ya duara hili ipo kifuani kwa Mama Adam." Watu wanacheka. Mama naye alikuwa anacheka mwanzoni. Baadaye akawa hacheki. Na wao wakawa hawatanii tena, wanaamini.

Alipokwenda zahanati kwa ajili ya mgongo walimpa vidonge. Miaka minne, vidonge. Mpaka akaja nesi mpya, Scolastika, akamwambia avue blauzi. Akamtazama mabega, akasema, "Mama, mgongo wako hauna ugonjwa. Una mzigo." Akamwambia madaktari bingwa wanakuja mjini Geita wiki ijayo, yupo mmoja wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, amwone.

Tulikwenda wawili. Baba aliambiwa tunakwenda kuangalia mgongo, jambo ambalo halikuwa uongo.

Benchi la kusubiria lilijaa wanawake. Wengine walikuwa na makovu ya moto, mmoja ana mtoto mwenye mdomo uliopasuka. Pembeni yetu alikaa dada mmoja mwembamba, amepaka rangi ya midomo vizuri sana, anauza mawigi mjini. Akajitambulisha, anaitwa Suzana. Alimwangalia mama kuanzia juu mpaka chini, bila kuficha.

"Shikamoo mama. Samahani, wewe umefuata nini?"

"Marahaba. Nimefuata kupunguza."

"Kupunguza nini?"

Mama akajionyesha kwa kidevu.

Suzana akashika kifua chake mwenyewe, kilichokuwa kama changu tu. "Mama, dunia haina haki. Mimi nimetoka nyumbani kuja kuomba hicho unachotaka kukitupa."

"Chukua basi," mama akasema. "Hata leo. Na mgongo wake uchukue."

"Mgongo bakia nao."

Walicheka mpaka nesi akatoka kuangalia. Nilikuwa sijamwona mama akicheka vile kwa muda mrefu.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Eunice, mfupi, anaongea polepole. Kabla ya kumwita mtu mmoja mmoja alisimama mbele ya benchi akatueleza wote. Nilisikiliza kila neno. Mimi niliachia shule darasa la tano, baba alipovunjika mguu, lakini kusikiliza najua, hiyo ndiyo kazi yangu.

Alisema upasuaji wa umbo si kitu kimoja, na watu wanavichanganya. Kuna kupunguza matiti, kwa mtu anayeumizwa na uzito. Kuna kuyainua, kwa yaliyolala baada ya kunyonyesha, hapo nyama haipungui sana, inapandishwa tu. Kuna kuyaongeza kwa vifuko vya silikoni, na hivyo vifuko si vya maisha, ipo siku vinaweza kutaka kutolewa au kubadilishwa. Kuna kukaza tumbo, kwa mama aliyezaa mpaka misuli ya tumbo ikaachana katikati. Na kuna kunyonya mafuta kwa mrija. Hapo akanyoosha kidole: kunyonya mafuta si dawa ya unene, kunachonga sehemu tu.

Suzana akauliza, "Na yale ya kutoa mafuta tumboni unaweka kwenye makalio?"

"Yapo," daktari akasema. "Na hayo ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa, mtu anaweza kufa palepale mezani, yuko usingizini, haamki. Usikubali kufanyiwa na mtu asiyejua. Na zile sindano za saluni, dada yangu, usiziguse kabisa."

 Nikamwona Suzana anajifuta viganja kwenye gauni.

Tulipoingia ndani, daktari alimpima mama, akagusa mifereji ya mabega, akaangalia chini ya matiti. Akauliza kama ananyonyesha, kama anataka kuzaa tena, maana baada ya kupunguza, maziwa yanaweza yasitoke. Mama akasema ana miaka arobaini na moja, amemaliza. Daktari akauliza kazi yake. Aliposikia mwalo akauliza kama anashika zebaki kwa mkono mtupu, na mama akakubali, akaambiwa aache kuanzia leo. Halafu akachukua karatasi akachora. Kovu linazunguka chuchu, linashuka chini moja kwa moja, halafu linalala pale titi linapokunjika, kama mpini wa jembe uliosimama juu ya ubao.

"Kovu litabaki," alisema. "Sikudanganyi. Ganzi inaweza kubaki kwenye chuchu. Kidonda kinaweza kuchelewa kupona, damu inaweza kutoka, ndiyo maana kwanza tunakupima damu, presha, na kifua tunakipiga picha kuona kama hakuna uvimbe. Kila usingizi wa upasuaji una hatari yake, lakini kwako ni ndogo, na mtaalamu wa usingizi hatoki chumbani. Wengi niliowafanyia, maumivu ya shingo yanaondoka wakiwa bado wodini. Wananiambia, daktari, nimevuliwa mzigo."

 Mama alikuwa anaangalia ile karatasi.

"Mume wangu aweke sahihi wapi?" akauliza.

"Sahihi ni yako. Mwili ni wako. Ila wiki sita huinami, hubebi ndoo, huoshi mchanga. Nani atakusaidia?"

Mama akageuka akanionyesha. "Huyu."

Daktari akanitazama. "Utamsaidia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Vipimo vilifanyika siku hiyo hiyo, vyote vizuri. Akapewa tarehe, Jumatano ya wiki ya tatu. Njiani mama aliniambia nitunze ile karatasi yenye mchoro, kwa sababu mimi najua kusoma. Niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa sketi aliyonishonea. Alikuwa ananiuliza kila baada ya muda, "Alisemaje vile, wodini?" Nami namwambia, "Alisema maumivu yanaondoka wakiwa bado wodini." Anasema, "Ehe." Kisha anaangalia nje.

Angeweza kwenda tu. Sahihi ilikuwa yake, na gharama alikuwa ameshaziandaa. Lakini alisema hataki kutoka kwenye nyumba ya mtu kama mwizi. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, akamwambia baba yote. Baba akaweka chini kikombe. Akasema jambo hili si la watu wawili, akamtuma mtu amwite Marwa. Kwa nini Marwa aitwe kwa ajili ya kifua cha mke wa mtu, hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijua.

Wakakaa uani, mama kwenye kigoda, wao kwenye viti. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

Mama alieleza vizuri. Alieleza mgongo, mkono, vidonda vya jasho. Marwa alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa heshima kabisa, "Shemeji, mgongo tunauelewa. Lakini wewe unataka kukata kile ambacho duara zima linategemea. Vijana wakisikia, kesho nani atashuka shimoni?"

"Marwa, dhahabu iko chini ya mawe. Haiko hapa."

"Miaka mitatu inalala hapo. Iliwahi kukataa?"

"Ikalale kwako basi. Una kifua kipana."

Baba alitaka kucheka, akajizuia. Nadhani kama angecheka pale, mambo yangekwenda njia nyingine. Akasema, "Mimi nyota siijui. Mimi ninachojua ni kile chumba. Nilimpeleka mama yake Vumilia akitembea, nikarudishiwa amelala."

 Mama akamwambia taratibu, "Baba Vumilia, yule alikuwa anajifungua, damu ilimwishia. Hii si hiyo. Daktari ameeleza tofauti."

"Wewe lazima useme hivyo. Wewe ndiye unayetaka."

Ndipo Marwa akaniangalia. "Si alikwenda na huyu? Aseme huyu. Huyu hana upande."

"Kweli," baba akasema. "Vumilia hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Njoo hapa, mwanangu. Daktari alisemaje?"

Nilisimama na sahani mkononi, maji yanachuruzika. Mama alinitazama bila wasiwasi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye shahidi wake amefika. Karatasi ilikuwa mfukoni kwangu, niliisikia kwenye paja.

Sijui kueleza vizuri kilichonipata. Nilimwona mama yangu wa kwanza, si uso, uso wake nimeusahau, niliona ile shuka aliyofunikwa. Niliona Jumatano ya wiki ya tatu, na jioni yake, na asubuhi inayofuata hakuna wa kuniita nimfunge. Nikasema,

"Daktari alisema mtu anaweza kufa palepale mezani, yuko usingizini, haamki."

Yalikuwa maneno ya daktari kweli, hata mpangilio wake. Ila hayakuwa ya mama. Yalikuwa ya Suzana, ya mafuta ya makalio. Nililijua hilo wakati nayasema. Mengine yote, ya wodini, ya mtaalamu asiyetoka chumbani, ya hatari ndogo, niliyabakiza mdomoni.

"Alisema hivyo?" baba akauliza.

"Alisema."

Marwa akaegemea kiti. Baba akajifuta uso kwa kiganja. "Basi," akasema. "Mimi siziki wake wawili kwa kisu. Yameisha."

Nilingoja mama anikanushe. Aseme, huyu mtoto amechanganya, toa karatasi.  Yeye akatazama zile sahani, akasema, "Hiyo bado ina mafuta, Vumilia. Isuuze tena."

Tangu siku ile mpaka ile Jumatano zilikuwa siku kumi. Nimezihesabu mara nyingi. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, nikapaka unga, nikazungusha khanga, nikavuta mpaka "hapo hapo". Mdomo wangu ulikuwa karibu na sikio lake, karibu kabisa. Ningesema sentensi moja. Hata baba ningemfuata, alikuwa anaamka mapema, anakaa peke yake nje anavaa buti. Ningemwambia, baba, nilisema nusu, na hiyo nusu ilikuwa ya mtu mwingine. Kila siku nilijiambia kesho. Watu wanasema mimi ni mtulivu. Mimi nimeanza kuona kwamba si utulivu, ni woga uliovaa vizuri, na watu wameuamini kwa sababu ya nguo zake.

Siku ya saba nilijaribu. Nilikuwa navuta khanga, nikasema, "Mama, ile Jumapili."

Akasema, "Ilipita."

"Daktari alisema..."

"Nilikuwepo, Vumilia. Mimi nilisikia yote." Hakuwa na hasira. "Hata wewe ulisikia yote. Nilikuona ulivyokuwa unasikiliza." Akainua bega. "Kaza kidogo."

Nikakaza. Na yeye hakuzungumza tena, mimi nikaona nimeshajaribu, inatosha. Haikutosha. Aliyetakiwa kusikia hakuwa yeye, alikuwa baba, na baba alikuwa hatua kumi kutoka pale, anapiga buti zake ukutani kutoa matope.

Jumatatu duara lilitoa. Wakachoma, kipande kikafungwa kwenye pindo, akaletewa mama kama kawaida, naye akakipokea akakiweka kifuani kama kawaida. Marwa akamwambia, "Unaona, shemeji? Ungekuwa umetuangusha." Mama akasema, "Naona." Jumanne mnunuzi hakuja.

Jumatano niliamshwa na mlio wa vyombo, si na sauti ya mama. Chai ilikuwa tayari. Baba alikuwa ameshakwenda shimoni. Nilichukua kopo la unga wa muhogo nikaenda chumbani, nikamkuta mama amesimama, amevaa gauni lake la kanisani, ameshajifunga mwenyewe. Fundo lilikuwa mbele, limekaa vibaya, chini ya ubavu. Lazima lilikuwa linamchoma. Hakuwa ameniita.

"Nikufunge upya," nikasema.

"Litafika."

"Mama, nakwenda na wewe. Nilimwambia daktari nitakusaidia."

"Ulimwambia kwa kichwa," akasema. "Mke wa Adam atanisaidia. Amesharuhusiwa na mumewe, yuko mjini ananingoja."

Nikatoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa imelegea kwenye mikunjo, mchoro wa jembe umefifia kidogo. Nikamnyooshea. Alivitazama vidole vyangu, hakuipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Wewe ndiye unayejua kusoma."

Halafu akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kitambaa, akakifungua pindo. Alikwenda sebuleni akakiweka kipande mezani, juu ya sahani ya baba, katikati kabisa. Kilikuwa kidogo, kama punje ya mahindi.

"Mwambie baba yako imeshaamka," akasema. "Na Marwa mwambie ailaze anapotaka."

Nilitaka kusema, mama, nitamwambia baba ukweli, ngoja arudi. Nilifungua mdomo. Alisimama mlangoni, akanisubiri. Najua alinisubiri, kwa sababu mkoba wake alikuwa ameshautia begani, kwenye ule mfereji wa kushoto, na ulikuwa unamuumiza, na bado alisimama. Nilimwangalia miguu. Amevaa viatu vya kufunga, vile vya safari.

"Haya," akasema.

Akatoka. Alipita kwenye karasha, wanawake wakamsalimia, "Mwangaluka, Mama Adam," akawaitikia, "Mhola," bila kupunguza mwendo. Pale njia inapogawanyika, kushoto ni mwalo, kulia ni barabara ya Geita. Mmoja akamwita, "Wewe, leo huoshi?" Akainua mkono tu, akashika kulia. Nilimtazama kutoka mlangoni, kopo la unga mkononi, mpaka gauni lake likaishia nyuma ya mifuko ya mawe, na tangu siku ile hajarudi kwetu.